Kwa Nini Santuri Yangu Inakatika Kabla ya Mwisho

Kila anayenikuta hapa dukani ana swali moja. Wengine hata kiberiti hawanunui, wanaegemea mlango tu na kuuliza: Baba Nabwire, kwa nini wimbo wako umekatwa kama mkia wa mjusi? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nimeandika yote hapa, anayejua kusoma asome, na awasomee wengine. Mimi shule niliiacha darasa la pili, kwa hiyo mkikuta makosa nyamazeni. Waliosoma kunizidi wengi wao wanakuja kwangu kuomba kazi ya kubeba magunia.

Habari za tiketi, za kuandikisha barua na kungoja majibu, siziweki. Hazina ladha. Jueni tu kwamba Nairobi walitaka kusikia wapiga gitaa wa huku mpakani, na mimi nikasema nakwenda.

Masinya hadi Busia

Nilitoka nyumbani asubuhi kwa baiskeli, gitaa nimelifunga mgongoni kwa leso ya mke wangu. Hiyo baiskeli ndiyo iliyonilea. Nilibeba nayo samaki kutoka Majanji mpaka Tororo tangu sina ndevu, mvua yangu, jua langu, mpaka nikajenga duka la saruji na mabati. Hakuna aliyenishika mkono. Nalisema hili kwa sababu kaka yangu Mangeni alikuwa amesimama pembeni ya shamba lake la pamba, ananingoja, na jembe lake begani kama bunduki.

Akaniambia mzee mwenye wajukuu hafungi duka akakimbilia gitaa, hata walevi wa kilabuni wakishapiga wanarudi kulima. Nikamjibu kwamba mimi siendi kulewa, naenda kufanya kazi. Seremala ana kazi yake, na gitaa nalo ni kazi.

"Kwa vidole hivyo?" akasema.

Hapo alinigusa. Kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto kimeanza kukataa kukunjika asubuhi. Ni zile breki, miaka yote ile nikishuka mteremko na kapu la samaki nyuma. Sikuwa nimemwambia mtu, lakini Mangeni ana macho. Na hiyo ndiyo ilikuwa haraka yangu, kama mlikuwa hamjui. Miaka yote nilipiga gitaa kwenye harusi na matanga, watu wakaniita fundi, na kesho yake asubuhi wakaniita muuza samaki. Nilitaka, kabla mkono haujawa gogo, kazi ya gitaa iwe ndiyo kazi yangu. Nilipwe kwa hiyo. Na niwe na santuri ya kuwaonyesha.

Nikapanda baiskeli, sikumuaga.

Busia nilivuka upande wa Kenya kutafuta nyuzi. Muuzaji alikuwa nazo zote isipokuwa ule mwembamba kabisa, unaolia juu. Ndio unaokatika kila mara, na ndio ambao hakuna. Nilirudi upande wetu kwa fundi wa baiskeli, nikamwachia yangu mpaka nitakaporudi, naye akanifumulia waya mmoja kutoka kwenye kebo ya breki. Nilifunga, nikakaza, ukalia vizuri. Fundi akacheka akasema sasa nikitaka kuusimamisha wimbo ninayo breki. Sikujua kwamba huyo mtu alikuwa ananitabiria.

Busia hadi Tororo

Basi lilisimama mpaka jua likawa utosini. Dereva alikuwa anangoja samaki wa mtu kutoka Majanji. Zamani mimi mwenyewe nilikuwa nachelewesha mabasi kwa samaki wangu na kuona ni haki, lakini siku hiyo niliona ni uonevu. Nilipanda, nikashuka, nikapanda. Kondakta akaniambia, "Mzee, kaa. Basi haiondoki kwa miguu yako."

Ndani, mama mmoja aliniona na lile furushi la leso akanipisha kiti, akawaambia wengine wasogee, mzee amebeba mtoto mgonjwa. Nikakaa. Sikusema uongo, nilikaa tu. Tulipofika kwenye barabara ya mashimo leso ikafunguka, shingo ya gitaa ikatokeza. Mama aliitazama muda mrefu, kisha akadai kiti chake. Nilisimama mpaka Tororo, na makapu ya samaki juu ya kichwa changu yakinidondokea maji. Hata leo nikilifungua hilo gitaa likapata joto, linatoa harufu ya wale samaki, ngege.

Tulikuwa tumepatana na shemeji yangu Othieno tukutane stesheni ya Tororo. Othieno ni Mjopadhola wa Nabuyoga, amemwoa dada yangu, na ndiye anayenipigia chupa. Kwa asiyejua: gitaa letu la huku halitembei peke yake. Lazima mtu akae kando na chupa ya soda, ile yenye mbavu, aikwaruze na msumari, ndipo miguu ya watu iamke. Chupa ya Othieno ameitumia mpaka mbavu za upande mmoja zimelainika, na sauti yake hakuna chupa nyingine inayo.

Stesheni hakuwepo. Gari la moshi likaja, likapiga honi, likaondoka, mimi nimesimama na gitaa mbele ya mwamba wa Tororo kama mtu aliyefukuzwa nyumbani. Baadaye mchuuzi wa mandazi akaniuliza kama mimi ndiye Baba Nabwire. Alikuwa ameachiwa maneno: kuna msiba Nabuyoga, Othieno hawezi kutoka, nimfuate.

Nabuyoga, tulikocheleweshwa

Nilifika kwa lori la pamba, vumbi la kiwanda cha saruji bado liko kwenye nyusi. Aliyekufa alikuwa Ochwo, jirani yake Othieno. Wengi wenu mnamkumbuka. Ni yule aliyekuwa akisimama kucheza kabla wimbo haujachemka, peke yake katikati ya uwanja, bila aibu, mpaka wengine wanamfuata. Mpiga gitaa akishampata mtu kama huyo, jioni yake imetengenezeka.

Sasa mnajua desturi yetu. Mwenye gitaa akiingia kwenye matanga haliweki chini mpaka amepiga. Na hupigi wimbo hivihivi kama unafukuza ndege. Unaanza kwa majina: marehemu, baba yake, ukoo wake, shemeji zake, waliotoka mbali. Kila anayetajwa anasimama, anakutuza alichonacho, karanga, yai, hata tabasamu. Maneno yenyewe ya wimbo yanakuja baadaye, watu wakishawaka moto. Na wewe mpigaji huna ruhusa ya kumaliza. Anamaliza mwenye nyumba, kwa kuja kuishika shingo ya gitaa. Nimepiga hivyo tangu ujana wangu, na sikuwahi kujua kwamba kuna watu duniani wanapiga vinginevyo.

Tulipiga tangu baada ya maziko mpaka ng'ombe wakarudi. Moyoni nilikuwa naona gari la moshi linaniacha mara ya pili. Hatimaye mjane, Mama Apio, akaja akaishika shingo ya gitaa, lakini hakuiachia. Akaniuliza kama ni kweli huko tunakokwenda sauti inawekwa kwenye sahani na haifi.

"Haifi, mama. Labda sahani ivunjike."

"Basi mtaje Ochwo. Useme Ochwo wa Nabuyoga. Usiseme Ochwo peke yake, kina Ochwo ni wengi."

Nikasema nitamtaja. Asubuhi akatuletea kuku aliyepikwa na simsim, amefungwa kwenye jani la mgomba, akatuambia tule njiani. Othieno akanitazama. Kuku wa mfiwa ukimla, umeahidi mara mbili.

Tulimla kabla hata Tororo hatujaiacha nyuma.

Ndani ya gari la moshi

Mimi si mtu wa kukaa. Nilitembea ndani ya behewa mpaka mzee mmoja akaniuliza kama ninaenda Nairobi kwa miguu. Baridi ya Eldoret ilikifunga kidole changu kabisa, nikakitia kwapani kama yai.

Nakuru ndipo tulipopata fitina. Muuza soda alikuwa anapita chini ya madirisha kukusanya chupa zake. Akaiona ya Othieno.

"Mzee, lete chupa."

"Hii ni yangu. Nimetoka nayo kwetu."

"Kwenu kuna mti wa chupa?"

Abiria wakacheka, wakawa upande wake. Mama mmoja akasema ni aibu, mtu mzima anakimbia na chupa ya kijana wa watu. Othieno akamwonyesha zile mbavu zilizolainika. Kijana akasema hiyo ni chupa mbovu, na mbovu pia inarudishwa. Basi Othieno akatoa msumari mfukoni, akakwaruza. Mimi nikafungua leso. Tulipoanza kuwataja abiria kwa majina, yule kijana akaweka kreti yake chini.

"Kama ni yenu kweli, nitajeni," akasema. "Naitwa Kamau."

Tukamtaja. Tukamtaja na yule mama aliyetusuta, akajifunika uso kwa kitambaa. Gari likaanza kwenda na Kamau anakimbia kando yake, si kwa ajili ya chupa tena, alitaka tumtaje na baba yake. Behewa zima likataka. Tulifika Nairobi sauti yangu imekwaruka, na watu wanatuaga kama ndugu.

Nairobi, chumba cha magodoro

Sitawadanganya kwamba tulipokewa. Tuliwekwa kwenye benchi la korido, tukaambiwa tungoje, na kesho yake tena, na siku iliyofuata. Vijana wenye viatu vilivyochongoka na magitaa ya umeme walipita mbele yetu wakiingia na kutoka. Mmoja aliuliza kwa heshima kabisa kama sisi ndio tumeleta samaki. Ni lile gitaa. Mchana tulikula maharagwe na chapati kwenye hoteli ya mtaa wa pili. Chai yao ni nzuri, kikombe chao ni kidogo kama cha dawa. Nilitembea ile korido mpaka mfagiaji, mzee wa Kikamba, akanipa ufagio akasema kama sina kazi nimsaidie. Nikamsaidia.

Siku yetu ilipofika tuliingizwa kwenye chumba ambacho kuta zake zimefunikwa magodoro. Ukisema neno, linakufa mdomoni. Nyuma ya kioo kulikuwa na msimamizi, kijana mmoja mwembamba jina lake Musa, ana adabu. Akatuambia taa ikiwaka, tuanze.

Taa ikawaka. Nikapiga utangulizi, Othieno akaingia na chupa, nikaanza kusalimia. Nilimsalimia Musa, nikamsalimia mfagiaji wa korido, nikaingia Masinya, mtu kwa mtu. Taa ikazimika.

Musa akatoka. "Mzee, wimbo wenyewe unaanza lini?"

"Unakaribia. Nimeshafika Busia."

"Umefika Busia na sahani imejaa."

Ndipo nilipojifunza kwamba upande mmoja wa santuri ni kama muda wa kuchemsha chai ya mtu mmoja. Mimi kwa muda huo sijamaliza watu wa mtaa wangu. Musa akaniambia niache majina, nianze na maneno. Mtu wa Mombasa akinunua santuri, hayo majina yatamsaidia nini?

"Na nisipomtaja mtu, namwimbia nani?"

"Unaimbia kila mtu, mzee."

"Kila mtu hayupo hapa."

Tulijaribu anavyotaka. Ilikuwa kama kula ugali wa jana. Hata mimi niliyaonea aibu yale magodoro. Musa akaniita pembeni. Akasema gumba langu, linavyotembea kwenye nyuzi nene, hajasikia la namna hiyo, na hata waya wangu wa breki ameupenda. Akasema ana kazi ya kila siku: kukaa pale na kuwapigia waimbaji wanaokuja bila gitaa, mshahara wa mwezi na chumba cha kulala. Mimi nilikuwa nimetoka kwangu kutafuta maneno hayo hasa. Nilikaa chini, na mimi si mtu wa kukaa.

"Lakini mpiga gitaa wa hapa lazima ajue kuacha," akasema. "Nikiinua mkono, unamalizia, unanyamaza. Tujaribu mara ya mwisho. Na hakuna majina."

Othieno ndiye aliyepata njia. Akasema tusianzie chumbani. Tukatoka koridoni tukapiga huko, tukawasalimia wote waliokuwa wanangoja, vijana wa viatu vya kuchongoka, makarani, yule mzee wa Kikamba na ufagio wake akacheza. Nilipoona wimbo umewaka, tukaingia chumbani tukipiga, mlango ukafungwa, taa ikawaka, na maneno yakatoka yakiwa ya moto. Mmeyasikia wenyewe. Sijawahi kupiga vile, na kidole changu kilikunjika kama cha kijana.

Nikamwona Musa nyuma ya kioo anatabasamu. Kisha nikauona mkono wake unapanda.

Mkiniuliza nilifikiri nini, sikufikiri kitu. Kazi ilikuwa pale, kwenye ule mkono. Nilikuwa ninyamaze tu. Lakini koo langu lilijua halijamaliza, na hakuna mtu aliyekuwa ameishika shingo ya gitaa. Nikaimba, "Ochwo wa Nabu", na Musa akabonyeza kitu chake, taa ikazimika. Othieno alikwaruza mara moja zaidi, kisha naye akaacha.

Musa akatoka nyuma ya kioo. Hakupayuka. Akasema, "Mzee, ulikuwa umeshafika."

Alitaka turudie. Lakini kidole kilikuwa kimejifunga tena, hakikubali hata kwa maji moto, na kundi lingine lilikuwa mlangoni na zamu yao. Akasema atamsikilizisha mkubwa wake hiyo tuliyopiga, haahidi. Na ile kazi?

"Nenda nyumbani ujifunze kuacha. Ukijua, njoo."

Kurudi

Kufika Nakuru, Othieno alikuwa bado anaifuta chupa yake kwa shati. Pale tulimtafuta Kamau dirishani, hatukumwona. Ndipo akasema, "Shemeji, hilo jina ungelitia mwanzoni." Nikamwambia angesema hivyo jana yake. Akasema jana yake hakuulizwa. Tukakaa hivyo mpaka Tororo, yeye na chupa yake, mimi na leso yangu.

Mangeni alikuja dukani kabla sijashuka kwenye baiskeli. Akatazama mikono yangu, mitupu. "Santuri iko wapi?" Nikamwambia inapikwa. Akasema labda inapikwa na kunde, zinachukua muda.

Nilifungua duka, lakini duka lilinibana kama shati la mtoto. Nikipima sukari naona ule mkono unapanda. Nikaanza mazoezi. Mke wangu akiwa anasonga ugali, mimi napiga, na akiinua mwiko, naacha. Mwanzo nilikuwa naacha ugali umeshaliwa. Akazoea, akawa ananitesa, anainua mwiko nikiwa hata sijaanza vizuri.

Nabuyoga tena

Santuri ililetwa na dereva wa basi, imefungwa kwenye gazeti. Jina langu liko katikati yake, Mangeni amelisoma mara mbili. Sikuipiga. Mlinishangaa, mkasema najivuna. Niliogopa. Nilijua Musa ana uwezo wa kulikata jina lote, na nilikuwa nimekula kuku wa watu. Othieno akasema aisikie kwanza mwenyewe aliyetutuma.

Tulikwenda Jumapili, watu wametoka kanisani, gramafoni imebebwa kwenye baiskeli yangu. Mama Apio alituwekea kiti uani, si cha kukalia, cha hiyo gramafoni. Watu wakajaa. Othieno akaweka sindano.

Wimbo ukapita wote. Watu wanachezesha mabega, mimi nimesimama nyuma, sikai. Nikausikia mwisho unakuja, pale mkono wa Musa ulipopanda. Na sauti yangu ikasema, "Ochwo wa Nabu", halafu krr, krr, krr.

 Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumweleza Mama Apio habari za sahani kujaa, za chai ya mtu mmoja. Hakuniangalia.

"Irudishe," akamwambia Othieno.

Ikaenda tena. Ilipofika pale, "Ochwo wa Nabu", uwanja mzima, wazee, wake zao, watoto, wote wakasema, "yoga." Walisema kwa sauti moja kama waliofundishwa. Mama Apio akacheka huku machozi yanatoka. Irudishe. Wakaimalizia tena. Mara ya nne akasimama mtu katikati ya uwanja kabla wimbo haujachemka, akaanza kucheza peke yake, mwana wa Ochwo, yule mkubwa anayefanya kazi ya saruji.

Tuliipiga mpaka ng'ombe wakarudi. Kisha Mama Apio akatembea polepole mpaka kwenye kiti, akanyoosha mkono, akaishika gramafoni pale kwenye ule mkono wake wenye sindano, akaituliza. Ndipo wimbo ukaisha.

Kwa hiyo msiniulize tena. Ikifika hapo, malizieni.

Ijumaa narudi Nairobi kwa Musa. Naanzia Busia, uzi mwembamba nimeshaupata wa kweli, ila nabeba na wa breki. Mke wangu anashika duka na Mangeni amekubali kumsaidia, bila kusukumwa, jambo lililonishangaza. Jana jioni akabaki nyuma wateja walipoondoka, akapangua viberiti akavipanga upya. Mwisho akasema kama huko nitapiga nyingine, si vibaya kumtaja. Mangeni wa Masinya. Siyo Mangeni peke yake.

Nimemwambia nitaona. Sasa najua kuacha.